Diwani na Diwani

Lugha yetu ina neno moja lenye nyuso mbili. Diwani ni mkusanyiko wa mashairi ya mtunzi. Na diwani ni mjumbe anayechaguliwa na watu wa kata ili awasemee katika halmashauri. Neno limetufikia kwa njia ya Uajemi na Uarabuni likiwa na maana zote mbili, ya kitabu na ya baraza, na wazee wetu hawakuona haja ya kulipasua. Hapana shaka walikuwa na sababu. Mtunzi na mjumbe wamekabidhiwa amana moja, nayo ni neno la watu lisipotee.

Ninaandika haya nikiwa Kasingirima, kata ya Ujiji, kwenye mji ulioletewa miembe, misikiti na Kiswahili na misafara iliyotoka pwani na visiwani katika karne ya 19. Mji huu umetoa diwani wa kila namna. Saadani Abdu Kandoro, mshairi na mmoja wa watu 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954, ni mwana wa Ujiji. Na manispaa hii hii ya Kigoma-Ujiji imetupa Clayton Revocatus Chipando, ambaye nchi nzima inamwita Baba Levo: mwanamuziki wa Bongo Fleva, aliyekuwa diwani wa Mwanga Kaskazini, na aliyetangazwa mbunge wa Kigoma Mjini baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025. Mmoja aliacha diwani ya mashairi, wa pili alianza siasa kwa kuwa diwani wa kata. Swali ninalolileta mbele ya wasomaji wa ukurasa huu ni moja: huyu wa pili ni mrithi wa yule wa kwanza, au ni mpangaji tu katika nyumba yake?

Kabla sijajibu, sina budi kwanza kuwafukuza mlangoni watu ambao watadhani nimekuja kuwaunga mkono. Nawakusudia wale wasomi wetu ambao, tangu jina la Baba Levo lilipotajwa kugombea, hawakuwa na hoja ila kicheko. Ati mwimbaji atafanya nini bungeni? Ati shahada yake iko wapi? Ati Bunge limegeuka ukumbi wa muziki? Mimi mwenyewe sina cheti cha kuning'iniza ukutani. Ushairi nilijifunza kwa kusikiliza, na kutafsiri nilijifunza kwa kamusi iliyochanika jalada. Kwa hiyo kicheko hicho nakijua sauti yake, na nakijua kinakotoka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 67, haimtaki mgombea ubunge awe na shahada. Inamtaka raia mwenye umri wa miaka 21 ajuaye kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Walioiandika hawakuwa wajinga. Walijua nchi hii iliundwa na makarani, wavuvi, wakulima, maulamaa wa chuoni na malenga, wala haikuundwa na wenye majoho peke yao.

Nanyi wa visiwani ndio wa mwisho wenye haki ya kumcheka mwimbaji. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, hakwenda shule. Lakini alipoingiza Kiswahili katika taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye kasri, na alipoimba habari za hukumu zilizopotoka, wimbo wake ulifanya kazi ya baraza kwa watu wasiokuwa na baraza. Katika kisa cha Kijiti, mwanamke aliuawa na mashahidi ndio walioadhibiwa. Wimbo ukaihukumu upya kesi ile mbele ya mji mzima. Shaaban Robert hakuona aibu kumwandikia wasifu mwanamke huyo. Basi tusiambiane kwamba mwimbaji hajui siasa. Mwimbaji aliijua siasa kabla ya sanduku la kura kufika pwani hii.

Haki ya Baba Levo ya kugombea, kwa hiyo, naitetea bila ya kigugumizi. Alizaliwa na kukulia katika maisha ya mji huu, akaimba, akajulikana. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipokusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo wa Leka Dutigite, kwa msukumo wa Zitto Kabwe, naye alikuwamo. Maneno hayo ni ya Kiha. Maana yake ni kama kusema, tuacheni tujidai. Hapana mtu wa mkoa huu asiyeelewa uzito wake. Sisi ni watu wa mwisho wa reli, watu ambao kwa miaka mingi tumetajwa kwa dhihaka au kwa mashaka. Na kwa mara moja vijana wetu wenyewe, ambao nyimbo zao zilikuwa zikichezwa kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, walisimama wakataja walikotoka. Mwaka 2015 Baba Levo akachaguliwa diwani wa Mwanga Kaskazini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chama kilichotwaa halmashauri ya Kigoma-Ujiji mwaka huo. Mpaka hapo, hadithi ni njema. Kijana wa mtaani amepanda jukwaa, na kutoka jukwaani ameketi barazani.

Kisha upepo ukageuka. Baba Levo akahamia CCM, na umaarufu wake ukakua kwa kazi nyingine. Akawa mtangazaji katika redio na televisheni za Wasafi, na sauti ya kumsifu mwenye nyumba hiyo, Diamond Platnumz. Umma ukamtungia jina la kazi ile, chawa, jina ambalo hakulikimbia bali alilibeba kwa mbwembwe. Na hapa ndipo mshairi anapoombwa kusimama, kwa sababu neno hili si la kupita hivi hivi.

Chawa ni mdudu aishiye kwa damu ya mwili asioufanyia kazi. Katika Kiswahili cha zamani lilikuwa tusi ambalo watu wangelipigania ngumi. Katika miaka hii limekuwa cheo. Kijana anasema bila ya haya, mimi ni chawa wa fulani, kama vile babu yake alivyosema, mimi ni fundi seremala. Hata katika siasa likazuka kundi lililojiita Chawa wa Mama, likijivunia kumsifu Rais. Lugha inapofikia mahali pa kumvika mdudu huyu kilemba, si lugha iliyoharibika. Ni kwamba watu wameona njia ipi hulipa na wakaipa jina la kweli. Tuwashukuru kwa ukweli huo. Hawakujiita washauri wala wanaharakati. Wamesema kinaganaga kazi yao ni nini.

Nijuavyo mimi, watanijibu hivi: kusifu si jambo geni katika fasihi ya Waswahili. Muyaka bin Haji aliwatungia Mazrui wa Mombasa. Makasri yote ya pwani yalikuwa na malenga wao. Kandoro naye aliisifu TANU, beti kwa beti. Hayo ni kweli, na sitayakanusha. Sifa ni bahari halali ya ushairi, nami nimeitungia ndani yake. Lakini yako mambo mawili yanayofanana umbo na kutofautiana asili, kama dagaa na kifaranga cha mgebuka katika ndoo ya mvuvi; mgeni huviona samaki wamoja, mwenyeji hutenga. Ziko sifa zinazomgharimu msifu, na ziko sifa zinazomlipa. Kipimo ni hicho tu, na kila mtu anaweza kukitumia bila ya kusoma chuo kikuu.

Mpimeni Kandoro. Aliposifu umoja wa Waafrika, mwenye kulipa mishahara alikuwa Mwingereza. Huko Mwanza alikofanya kazi ya siasa, neno lake lilikuwa la hatari kweli kweli. Mwishoni mwa 1954 serikali ya kikoloni iliifungia TANU milango ya Usukumani, nayo haikufunguliwa hadi 1958, na Kandoro alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa Mwanza. Aliyekuwa akimsifu hakuwa na gari la kumpa wala kipindi cha redio. Alikuwa akilisifu jambo ambalo bado halijawako. Mwaka 1961 alipoyakusanya mambo ya mapambano hayo katika kitabu chake Mwito wa Uhuru, nchi ilikuwa imekwisha kuyalipia maneno yake. Hakuwa yeye amelipwa kwayo.

Msiniambie ninawatukuza wafu na kuwaonea walio hai. Baada ya uhuru, malenga wengi wa chama waliendelea kuimba wimbo ule ule, ila sasa aliyesifiwa ndiye mwenye ghala. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, muda mrefu kabla Bongo Fleva haijazaliwa. Kapteni John Komba wa Tanzania One Theatre alikuwa na kipaji ambacho hata wapinzani walikikubali. Aliimba kampeni za CCM, kisha akawa mbunge wa Mbinga Magharibi tangu 2005 hadi kifo chake Februari 2015. Njia aliyoipita imekanyagwa sana na waliomfuata. Waitwao chawa hawakuibuni. Wameirithi, wakaivalisha miwani ya jua.

Na wapimeni wengine walio hai. Joseph Mbilinyi, Sugu, aliyewakilisha Mbeya Mjini kwa miaka kumi tangu 2010, alifungwa miezi mitano mwaka 2018 kwa maneno aliyoyasema hadharani juu ya Rais, akatoka Mei mwaka huo. Joseph Haule, Profesa Jay, aliwacheka wanasiasa wenye ahadi hewa katika wimbo Ndiyo Mzee, kisha mwaka 2015 akaenda mwenyewe bungeni kwa Mikumi; wimbo wake ukawa umemtangulia kiti, ukimngoja kama shahidi. Hamisi Mwinjuma, MwanaFA, aliingia kwa Muheza mwaka 2020 kwa tiketi ya chama tawala, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri wa wizara yenye sanaa ndani yake. Naye atapimwa kwa kile alichowafanyia wasanii wenye maneno makali, si kwa kile alichowafanyia wenye maneno matamu. Uganda, Robert Kyagulanyi alitoka jukwaani kama Bobi Wine, akashinda ubunge mwaka 2017, na mwaka uliofuata akapigwa akiwa mikononi mwa dola. Kenya, Charles Njagua, Jaguar, aliyepata sifa kwa kuwaimba vigeugeu, alipokuwa mbunge wa Starehe alikamatwa Juni 2019 kwa kuwatishia wafanyabiashara wa kigeni, Watanzania wakiwamo. Mnaona kwamba hapana kanuni kuwa mwimbaji hufaulu au hufeli. Ipo kanuni nyingine: siasa humkuta mwimbaji na kile alichokuja nacho mkobani. Aliyekuja na ujasiri hupata mahali pa kuutumia. Aliyekuja na zoea la kupaza sauti kwa ajili ya mwenye mali, hubadilisha mwenye mali tu.

Sasa tuulize kwa nini njia ya chawa imekuwa pana na ya malenga imekuwa nyembamba. Jibu haliko katika tabia za vijana. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo, akaachiwa baada ya Rais mwenyewe kusema upigwe. Kwa maneno mengine, uhuru wa mtunzi ukaonekana kuwa zawadi ya mtu mmoja, inayoweza kutolewa asubuhi na kurudishwa jioni. Siku chache baadaye, Aprili 2017, Roma Mkatoliki na wenzake walitekwa wakiwa studioni Dar es Salaam, wakapatikana wakiwa na alama za mateso. Mwaka 2018 nyimbo kadhaa zikafungiwa, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zikamtaka mwenye blogu alipie leseni kwa fedha ambazo mshairi hazioni mwaka mzima. Mpe kijana wa Kasingirima ramani hiyo, umwambie, huku kuna kifungo na huku kuna kipindi cha redio, chagua. Atakayemlaumu kwa kuchagua mkate na aanze kwa kumwonyesha mkate wa upande wa pili.

Lakini kueleza si kusamehe. Na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 umeongeza deni. Siku ile intaneti ilizimwa, watu waliuawa mitaani katika miji kadhaa, na waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema baadaye kwamba uchaguzi haukutimiza kanuni za umoja huo. Katika hasira ya siku zile, mali za baadhi ya wasanii waliopanda majukwaa ya kampeni zilivunjwa na kuchomwa. Nalaani kitendo kile bila ya masharti. Anayechoma duka la mwimbaji hajaujibu wimbo wake. Lakini nasema pia kwamba moto huja pale uhakiki ulipokosekana. Laiti sisi wenye kalamu tungelitenga mapema dagaa na kifaranga cha mgebuka, tukasema huyu anasifu kwa gharama yake na huyu kwa malipo, pengine vijana wasingelidhani kwamba kiberiti ndicho mhakiki aliyebaki.

Basi mtu aliyetangazwa mbunge siku kama hiyo, katika jimbo ambalo mpinzani wake alikuwa Zitto Kabwe, anadaiwa maradufu ya mbunge wa kawaida. Nami nitayataja madeni yenyewe, maana shairi lisilotaja jina la ugonjwa ni la kubembelezea mtoto.

La kwanza ni uraia. Watu wa mkoa huu husimamishwa, huulizwa, huambiwa wao ni Warundi au Wakongo, kwa sababu ya lafudhi au jina la babu. Kijana huzungushwa miaka kabla hajapata kitambulisho cha taifa, na bila ya kitambulisho hicho hasajili hata laini ya simu. Aliyeimba Leka Dutigite analijua jambo hili kuliko mwanasheria yeyote. Tunataka kuisikia sauti hiyo bungeni, mbele ya waziri wa mambo ya ndani, na tunaitaka iwe kubwa kama ilivyokuwa studioni.

La pili ni ziwa. Kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Hoja ya kulipumzisha ziwa naielewa. Mvuvi naye anaielewa kuliko mimi. Lakini miezi mitatu bila dagaa wala mgebuka ni miezi mitatu ya mama anayeanika dagaa mchangani, wa mchukuzi, wa mwenye kibanda cha barafu. Wao wapumzike wakila nini? Hilo halihitaji mbwembwe. Lahitaji mbunge anayekaa na hesabu usiku kucha, kisha asubuhi anamkera waziri wa chama chake mwenyewe.

La tatu ni neno lenyewe. Jimbo hili lina historia yake. Katika uchaguzi mdogo wa 1994, mgombea wa CCM alitangazwa mshindi, Dk. Amani Walid Kabourou wa Chadema akaenda mahakamani, akashinda, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba matokeo yabatilike, upendeleo wa Redio Tanzania ukiwa miongoni mwa sababu. Tafakarini jambo hilo. Kiti hiki cha Kigoma Mjini kilipata kubatilishwa kwa sababu, pamoja na mengine, redio iligeuka kuwa mpambe. Na sasa anakikalia mtu aliyepata umaarufu wake wa pili kwa upambe wa redioni. Mwenye masikio hahitaji kuelezwa zaidi. Ikiwa yuko mbunge mmoja nchini anayepaswa kusimama kutetea uhuru wa watangazaji na watunzi, ni huyu, kwa ajili ya kiti anachokikalia.

Je, atayafanya? Anayo sauti, anayo lugha ya watu, anao ujasiri wa jukwaani ambao wasomi wengi hawana. Hapana chombo alichokosa. Kilichobaki ni kuamua nani mwenye sauti hiyo.

Nasi tunayo kazi. Tusimpige mtu mawe, tusimpige kicheko, wala tusimpigie vigelegele kabla ya wakati. Bunge lina kitabu chake cha kumbukumbu, Hansard, kinachoandika kila kilichosemwa na kila aliyekaa kimya. Tukisome kama tunavyosoma diwani ya mshairi: mizani iko wapi, vina viko wapi, kituo kimesema nini. Ifikapo 2030, mwaka wa uchaguzi, tuufungue ukurasa wa mbunge wa Kigoma Mjini hadharani, hapa Ujiji, chini ya miembe. Tuhesabu mara ngapi ametaja vitambulisho, mara ngapi wavuvi, na mara ngapi amesimama kushukuru tu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wengi huitumia methali hii kuhimiza ushirikiano, wakasahau kwamba inataja na kazi ya ushirikiano wenyewe. Mhakiki peke yake hawezi, mpiga kura peke yake hawezi, na msanii mwenye msimamo, akiachwa peke yake studioni usiku, huchukuliwa. Vikikutana vidole hivyo, kinachovunjika si mtu. Mtu hubaki, na anaweza kurudi kuwa malenga. Kinachovunjika ni ile biashara ya kunyonya kwa sifa. Hapo neno diwani litarudi kuwa na nyuso zake mbili, na zote zitakuwa safi.